Deliko ya gari ya zamani: kuchagua ingine na kuifunga bila kuharibu moteri

Gari ya esansi ya zamani ikikataa kuwaka asubuhi, neno moja linasikika haraka ku garaje: «Deliko imekufa.» Mara ingine ni kweli. Lakini mara nyingi kilichokufa ni kondansateri, piyesi ndogo kama kidole, ao viplatine zimeungua, ao tete imepasuka na maji ya mvua yameingia. Mwenye gari anauza mbuzi, anakopa kwa ndugu, ananunua deliko nzima, na gari inabaki na ugonjwa wake uleule.

Hapa Kindu kosa kama hilo linakula pesa na siku. Piyesi ya gari ya zamani haipatikani kila duka. Inatoka mbali: kwa ndege, kwa njia ya reli ya kusini inayopitia Kongolo na Kabalo, ao kutoka Kisangani kupitia Ubundu, kisha kwa baleinière mpaka hapa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa Januari 2025 wakati mji ulipochukuliwa na M23, na njia ya mizigo iliyokuwa inapitia kule ikakatika. Piyesi uliyoagiza ikifika na haifanane na ile ya moteri yako, kuirudisha si kazi ya siku mbili.

Makala hii ni ya wenye gari, mashofere na mafundi wanaotunza gari kama Land Rover Series, Land Cruiser FJ40, Peugeot 404, Volkswagen Coccinelle ao Kombi. Kama gari yako ni ya mazuti, haina deliko, na ugonjwa wake utafute pengine.

Deliko inafanya kazi gani

Jina lenyewe lina historia. Delco ni kifupi cha Dayton Engineering Laboratories Company, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1909. Mmoja wa waanzilishi wake, Charles Kettering, ndiye aliyetengeneza namna ya kuwasha moteri kwa batri na bobini, na gari za Cadillac za 1910 zikaanza kuitumia. Wasemaji wa Kifaransa wakachukua jina la kampuni wakalifanya jina la piyesi, na sisi tukalipokea vilevile, hata kama ile iliyo kwenye gari yako ilitengenezwa na Lucas, Bosch, Ducellier ao Denso.

Kazi yake ni mbili. Ya kwanza ni kukata umeme wa bobini kwa saa inayofaa. Viplatine zikiwa zimefunga, umeme wa volti 12 unapita ndani ya bobini. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla na bobini inatoa volti elfu nyingi zinazoruka kwenye bujii. Kondansateri inasaidia umeme ukatike vizuri na viplatine zisiungue. Kazi ya pili ni kugawa: rotori inazunguka ndani ya tete na kupeleka moto kwa silenda moja kisha ingine, kila moja kwa zamu yake.

Deliko inazunguka nusu ya mwendo wa vilebrekeni. Moteri ya silenda 6 ikizunguka mara 3000 kwa dakika, viplatine zinafunguka mara 9000 kwa dakika hiyo moja. Ndiyo maana kulegea kidogo kwa shafti yake kunasumbua moteri nzima.

Tena, moto hautakiwi kutoka wakati uleule siku zote. Moteri ikienda haraka, moto unapaswa kutoka mapema zaidi. Hiyo ndiyo avansi. Ndani ya deliko kuna vizito viwili na ressort vinavyosogeza avansi kadiri mwendo unavyopanda, na kwa deliko nyingi kuna kapsuli ya depresyo kando yake, yenye kamba ya kaucho inayotoka ku karburateri. Fundi akisahau hayo mawili, atakufungia deliko inayowasha gari lakini inakunywa esansi na haipandi mlima.

Mbele ya kununua, hakikisha mgonjwa ni nani

Vipimo hivi havihitaji mashine. Vuta frein ya mkono, weka gari ku zero, na usishike fili ya bujii kwa mkono mtupu moteri ikizunguka. Karburateri ao bomba la esansi likivuja, usijaribu moto hata kidogo mbele ya kukausha.

1. Toa fili ya katikati ya tete, ile inayotoka ku bobini. Ishike kwa pense yenye mpini wa kaucho, ncha yake iwe milimita 6 hivi kutoka chuma cha moteri. Mwenzako azungushe demareri. Moto ukiruka wa buluu na kwa nguvu, bobini, viplatine na kondansateri ni vizima. Tafuta ugonjwa kwenye tete, rotori, fili na bujii.

2. Moto usiporuka ao ukiwa mwembamba wa manjano, chukua ampuli ya volti 12 yenye fili mbili. Fili moja weka ku masi, ingine ku bobini upande wa deliko. Kontakti ikiwa wazi, viplatine zikifunga ampuli inazima, zikifunguka inawaka. Ikikaa imezima siku zote, viplatine hazifunguki, ao fili ndogo ndani inagusa masi, ao kondansateri imeshonwa ndani, ao umeme haufiki kabisa ku bobini. Ikikaa inawaka siku zote, viplatine ni chafu, zimeungua ao zimelegea.

3. Angalia uso wa viplatine. Zikiwa nyeusi na zina shimo upande mmoja na kilima upande mwingine, mshitaki kondansateri kwanza.

4. Fungua tete na uiangalie kwenye mwanga, ndani na nje. Mstari mwembamba mweusi kama wa kalamu kati ya nguzo mbili ni njia ambayo moto umejichimbia. Kupangusa hakutoshi, tete hiyo ni ya kubadilisha. Kama ni unyevu tu, kausha kwa kitambaa kisafi na ujaribu tena. Kwa mvua zetu, hilo peke yake linarudisha gari nyingi barabarani.

5. Sasa pima deliko yenyewe. Shika juu ya shafti, pale rotori inakaa, na uisukume kushoto na kulia. Ukisikia inacheza, bagi za ndani zimekwisha. Nafasi ya viplatine itakuwa inabadilika kila mzunguko, na hakuna kuregle kutakakodumu.

6. Zungusha rotori kwa vidole upande inakoelekea, kisha iachie. Inapaswa kurudi yenyewe kwa ressort. Isiporudi, vizito vimeshikwa na kutu. Safisha, tia oili kidogo, jaribu tena.

7. Nyonya kwa mdomo kamba ya kapsuli ya depresyo. Sahani ya viplatine inapaswa kusogea na kubaki hapo ukizuia kwa ulimi. Pumzi ikipita tu, kapsuli imetoboka.

Kubadilisha deliko nzima kunafaa kwa sababu chache: shafti inacheza sana, meno yameliwa, mwili umepasuka, ao piyesi za ndani za aina hiyo hazipatikani tena. Na hata shafti ikicheza, fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma anaweza kutengeneza bagi mpya za bronze. Deliko ya asili iliyotengenezwa hivyo mara nyingi inashinda kopi mpya, juu ya meno na vizito vyake ni vya moteri yako kwelikweli.

Mambo saba ya kulinganisha

Usinunue kwa kusema tu «nipe ya Land Cruiser» ao «ya Land Rover». Gari moja iliweza kutoka na deliko tofauti kadiri ya mwaka na nchi. Toa ile ya zamani, isafishe, piga picha, na umtumie muuzaji picha hizo mbele ya kulipa.

*Namba.* Tafuta namba iliyogongwa ku mwili ao ku kibandiko cha chuma. Kwa Toyota za zamani, namba ya deliko nzima inaanza na 19100. Kwa Land Rover utaona Lucas 25D4 ao 45D4. Tete, rotori na viplatine za moja haziingii ku ingine.

*Idadi ya silenda na upande wa kuzunguka.* Kuna deliko zinazozunguka kama mshale wa saa na zingine kinyume. Vizito na kame vimetengenezwa kwa upande mmoja. Kujua ya kwako, fungua tete, mwenzako aguse demareri kidogo, nawe uangalie rotori.

*Namna ya kushikana na moteri.* Hapa ndipo wengi wanaanguka. Deliko ya moteri 2F ya Land Cruiser ina meno ya mlalo yanayoshikana na abrakame, na chini yake ina ulimi unaozungusha pompe ya oili. Ya Coccinelle ina ulimi usiokaa katikati, kwa hiyo inaingia kwa namna moja tu. Ya Land Rover ya lita 2.25 nayo inashikwa na ulimi juu ya shafti ndogo yenye meno iliyo ndani ya moteri. Hesabu meno, linganisha mlalo wake na upana wa ulimi.

*Urefu na unene.* Pima kutoka bega linalokaa ku moteri mpaka ncha ya chini. Tofauti ya milimita chache inatosha kuzuia deliko isikae, ao kuacha pompe ya oili bila kuzungushwa.

*Depresyo.* Kama karburateri yako ina tundu la kamba hiyo, nunua deliko yenye kapsuli. Bosch 009, inayofungwa sana ku Volkswagen, haina kapsuli. Gari inawaka vizuri, lakini ukikanyaga gafla inasita mbele ya kuondoka.

*Masi.* Land Rover nyingi za mbele ya mwaka 1967 hivi zilikuwa na masi ku positif. Kwa viplatine hiyo haileti taabu kubwa. Kwa deliko ya elektroniki, kugeuza fili ni kuiua mara moja.

*Bobini.* Bobini ya kawaida ya volti 12 ina karibu om 3. Ile inayofanya kazi na rezistansi ya nje ina karibu om 1.5. Ukifunga ya om 1.5 bila rezistansi, viplatine zitaungua haraka. Ukifunga ya om 3 pamoja na rezistansi, moto utakuwa dhaifu.

Okazyo, kopi mpya, ao elektroniki?

Okazyo ya asili ni nzuri kama shafti haichezi na meno ni mazima. Fanya vipimo namba 5, 6 na 7 palepale mbele ya muuzaji. Akikataa usipime, acha pesa yako mfukoni.

Kopi mpya inang'aa, lakini iangalie kwa jicho kali. Zungusha shafti: iende laini, bila kukwaruza. Angalia kama rotori inakaa imara. Kuna rotori za kopi zenye riveti ndefu mno, na moto unapita humo kwenda ku shafti badala ya kwenda ku bujii. Kondansateri za kopi nazo zinakufa mapema. Njia moja ya busara ni kununua mwili mpya, lakini kuhifadhi tete, rotori na kondansateri za asili kama zingali nzima.

Elektroniki ina faida ya kweli: hakuna viplatine za kuregle, na moto hauchoki. Kwa gari inayobaki mjini, inafaa. Lakini ikikufa, inakufa bila kuaga, na hakuna wa kuifungua njiani. Viplatine zinakuonya: gari inaanza kukohoa, unazipangusa kwa karatasi ya msasa laini, unafika. Gari inayokwenda Kalima, Punia ao Kibombo, na kulala msituni ikikwama, heri ibaki na viplatine. Ukichagua elektroniki, beba sahani ya viplatine ya zamani ikiwa kamili ndani ya gari.

Kutoa ya zamani

Kosa kubwa linafanyika hapa: watu wanavuta deliko bila kuweka alama, kisha wanatafuta avansi siku mbili.

Toa fili ya masi ya batri. Andika namba kwenye kila fili ya bujii kwa kipande cha karatasi na gundi. Piga picha kwa simu.

Kisha leta silenda ya 1 juu. Silenda ya 1 ya Land Cruiser na Land Rover ni ile iliyo karibu na radiateri. Ku Peugeot 404 wanahesabu kutoka upande wa gearbox, kwa hiyo angalia kitabu mbele ya kuhukumu. Toa bujii ya silenda ya 1, ziba tundu kwa kidole, na uzungushe moteri kwa mkono, kwa maniveli ao kwa kle ku puli. Upepo ukisukuma kidole chako, pistoni inapanda kwa kufinya. Endelea polepole mpaka alama ya avansi ifike mahali pake. Kwa moteri 2F, angalia ndani ya katundu ka nyumba ya volan moteri, upande wa demareri: utaona kibili cha chuma kilichopandwa ku volan. Kibili hicho ni digri 7 mbele ya pistoni kufika juu, na ndiyo avansi ya 2F. Ule mstari ni juu kabisa.

Fungua tete. Rotori iwe inaelekea nguzo ya fili ya silenda ya 1. Ikielekea upande wa pili, zungusha moteri mara moja nzima. Sasa weka alama ya rangi ku mwili wa deliko pale rotori inaelekea, na alama ingine kati ya mwili na moteri.

Fungua bulo ya kushikilia na uvute deliko juu polepole. Kwa zile za meno ya mlalo utaona rotori inageuka kidogo ikipanda. Weka alama ya pale ilipoishia pia, juu ya hiyo ndiyo sehemu ya kuanzia wakati wa kurudisha. Ziba tundu kwa kitambaa kisafi ili jiwe lisianguke ndani. Kutoka hapo, mtu asizungushe moteri.

Kuingiza mpya

Laza zote mbili mezani, moja karibu na ingine, na urudie kulinganisha meno, urefu, ulimi na kapsuli. Badilisha kaucho ya duara inayozuia oili isivuje.

Paka meno oili mpya ya moteri. Kwa 2F, ingiza turnevisi ndefu ndani ya tundu na ugeuze mfereji wa pompe ya oili uelekee kama ulimi wa deliko utakavyofika. Elekeza rotori ku alama ya pili uliyoweka, shusha polepole, nayo itageuka yenyewe mpaka alama ya kwanza.

Bega la deliko linapaswa kugusa moteri bila nguvu. Ikibaki nafasi ya milimita chache, ulimi haujaingia ku mfereji wa pompe. Usiivute kwa kukaza bulo. Utavunja mwili, ao utaiacha pompe bila kuzungushwa, na moteri itakauka oili huku inawaka vizuri. Toa, geuza mfereji kidogo, rudia.

Kisha regle viplatine. Nafasi inapimwa wakati kisigino cha viplatine kiko juu kabisa ya pembe ya kame: 0.45 mm kwa 2F, 0.35 mpaka 0.40 mm kwa Lucas ya Land Rover, 0.40 mm kwa Coccinelle. Tumia kale za kupimia. Lame ya msumeno wa chuma ina unene wa karibu 0.6 mm, ni nene mno kwa kazi hii. Paka kame grisi kidogo sana. Viplatine unaziregle mbele ya avansi, kwa sababu ukibadilisha nafasi, avansi nayo inabadilika.

Rudisha fili kwa zamu yake, ukifuata upande rotori inakozunguka:

- Land Cruiser 2F: 1-5-3-6-2-4, kama mshale wa saa
- Land Rover 2.25 na Peugeot 404: 1-3-4-2
- Coccinelle na Kombi: 1-4-3-2, kama mshale wa saa

Kuregle avansi kwa ampuli

Ampuli ya vipimo vya kwanza inatosha. Moteri ikiwa bado ku alama ya avansi, weka fili moja ya ampuli ku masi na ingine ku bobini upande wa deliko. Rudisha batri, fungua kontakti. Geuza mwili wa deliko kidogo upande rotori inakozunguka mpaka ampuli izime. Kisha urudishe polepole kinyume chake. Pale ampuli inapowaka tu, simama na ukaze bulo. Funga kontakti mara moja, maana bobini inapata moto sana ikiachwa na umeme bila moteri kuzunguka.

Washa gari. Kitu cha kwanza kuangalia ni presyo ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde chache, zima palepale na uhakikishe ulimi wa pompe.

Kama unaweza kuazima lampu ya stroboskopu, toa kamba ya depresyo, iziba, na uangalie alama moteri ikiwa ku relanti. Kwa 2F iwe digri 7. Ongeza mwendo: alama isogee upande wa mapema, kisha irudi ukiachia. Isiposogea, vizito ndani vimeshikwa, hata kama deliko ni mpya.

Kusoma dalili

Gari haiwaki na inapiga bunduki ku karburateri: karibu hakika rotori inaelekea silenda ya kinyume. Ku 2F ni ya 6 badala ya ya 1, ku Land Rover ni ya 4. Toa deliko, geuza nusu mzunguko, rudisha. Ku Land Rover na 404 utajaribu kusogeza fili zote nusu mzunguko tu.

Moteri inagonga kama misumari ndani ya kopo wakati wa kupanda mlima: avansi ni nyingi, ao esansi ni mbaya. Rudisha nyuma digri 2, jaribu tena mlima uleule na mzigo uleule. Usizoee sauti hiyo. Ndiyo inayotoboa pistoni.

Moteri inapata moto, haina nguvu, na inapasuka ku eshapema: avansi imechelewa. Kuendesha hivyo siku nyingi kunaunguza supape za kutolea moshi.

Inakwenda vizuri polepole, inakohoa mwendo ukipanda: nafasi ya viplatine ni kubwa mno, ressort yake imechoka, ao bobini na rezistansi haziendani.

Vya kubeba njiani

Deliko ya zamani usiitupe wala kuiuza kwa kilo. Ni ghala lako la piyesi. Ndani ya kijaluba kikavu weka viplatine mpya, kondansateri, rotori, ampuli ya fili mbili, kale za kupimia, karatasi ya msasa laini na kitambaa kikavu. Vyote vinaingia chini ya kiti.

Angalia nafasi ya viplatine baada ya kilomita 500 za kwanza, juu ya kisigino kipya kinaliwa haraka mwanzoni. Kisha kila kilomita 5000 hivi. Na siku ya safari yenye mgonjwa ndani, ao mzigo wa mtu unaongojewa upande wa pili wa Lualaba, fungua tete asubuhi na uipanguse mbele ya kuwasha moteri. Inachukua dakika mbili.